Damu Iliyozidi

Mwanapili alirudi kutoka kuvuna mwani, kanga zimerowa hadi kiunoni. Alimkuta bintiye Samiha bado amelala.

"Leo tena huendi skuli?"

"Nimechoka, mama. Nimo mwezini."

"Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Inuka, unisaidie kuanika mwani."

Samiha aliinuka. Hakufika uani. Kizunguzungu kilimshika, akaanguka. Kanga yake ilikuwa imeloa damu.

Mwanapili alimwita kwa sauti jirani yao, Bi Mize, muuguzi wa kituo cha afya. Bi Mize alimlaza Samiha, akamwinua miguu. Samiha alipozinduka, alimpa maji.

"Pedi moja unakaa nayo muda gani?"

"Haimalizi saa, imejaa. Na hutoka mabonge. Hupita wiki haijakatika."

Bi Mize alimgeukia Mwanapili. "Huu si uvivu. Damu nyingi hivi humaliza nguvu mwilini. Lakini inatibika. Twendeni kituoni."

"Na mwani wangu?" Mwanapili aliuliza, kisha akaona haya.

Kituoni Samiha alipimwa. Damu yake ilikuwa ndogo mno. Daktari alimpa vidonge vya kuongeza damu, na dawa ya kupunguza hedhi.

"Ale dagaa, maharage na mchicha," Bi Mize alieleza. "Chai asinywe pamoja na chakula. Akianguka tena, au damu isipopungua, mrudisheni mara moja."

Kisha aliushika mkono wa Mwanapili, akakitazama kiganja.

"Cheupe kama cha mwanao. Na wewe upimwe."

"Mimi ni kazi tu, Bi Mize."

"Miaka yote hii?"

Mwanapili alikaa kwenye benchi, akatoa kidole. Damu yake pia ilikuwa ndogo, naye akapewa vidonge.

Hawakupona kwa siku moja. Vidonge vilimtia Samiha kichefuchefu. Mwanapili mara nyingine alivisahau vyake. Lakini miezi ilipopita, hedhi ya Samiha ikawa ya kadiri. Sasa alikwenda skuli hata akiwa mwezini. Mwanapili bado alichoka, maana mwani ni kazi nzito. Ila uchovu wake sasa uliondoka kwa usingizi.

Jioni moja alimwita binti yake mdogo, Asya, ambaye alikuwa hajavunja ungo.

"Siku zako zikianza, ukaona damu inazidi au maumivu yanakulaza, niambie. Tutakwenda kwa Bi Mize."

"Hata kama una kazi, mama?"

"Hata kama nina kazi."