Shamba la Kunyweshea Gari

Mgeuzi, mashine ya kugeuza magari, alikuwa na mikono minane, na asubuhi ile yote minane ilikuwa ndani ya injini ya gari la mtu. Mmoja ulifungua, wa pili ukapokea boliti, wa tatu ukazipanga mezani kwa ukubwa wake. Mipira myeusi ya mafuta ilichomolewa kama utumbo wa kuku, ikawekwa mipya ya kijani. Watu wa Masasi walisimama nyuma ya kamba wakitazama. Baada ya dakika arobaini boneti likafungwa. Mgeuzi akaliwasha gari mwenyewe. Likanguruma, na uwanja mzima ukanuka kitu kilichochacha.

"Linalofuata," alisema Mgeuzi. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya nesi anayejua sindano itauma.

Lililofuata lilikuwa gari jekundu la mbio la Somoe Nampunda. Alikuwa ameliunda mwenyewe kwa miaka sita, chuma kwa chuma, na lilikuwa limeshinda Mbio za Ruvuma mara mbili. Sasa petroli ilikuwa imekwisha bandarini. Tangazo lilisema kwamba ikifika saa sita mchana siku ile, gari lolote ambalo mwenyewe hajakubali ligeuzwe litumie ethanoli ya muhogo lingehesabiwa chuma chakavu na kusagwa.

"Unasubiri uposwe?" Chilumba alimwuliza. Huyu ndiye aliyekaa naye garini kwenye mbio, akimsomea kona. "Sogeza gari, dada."

"Nasoma mkataba kwanza."

"Wewe? Hata kadi ya harusi hunipa mimi nikusomee!"

Somoe hakucheka. Chilumba akasogea karibu, akaanza kumbembeleza. Ethanoli inawaka kwa ubaridi zaidi kuliko petroli, alisema. Injini inaweza kubana hewa na mafuta zaidi bila kugonga. Wangepata nguvu za farasi themanini zaidi, na Jumamosi kwenye mbio wangewaacha wenzao wakila vumbi.

"Na inakunywa," Somoe alisema. "Penye lita kumi za petroli, hii inataka kumi na nne. Inakunywa cha nani?"

Jibu lilikuwa mbele yake, kwenye kioo cha mkataba. Kila gari lililogeuzwa lilipewa shamba lake la kulinywesha. Kwake kulikuwa kumeandikwa: Kitalu 4117, nyuma ya kilima cha Namkungwi. Muhogo uliosahauliwa.

Akaliangalia neno lile la mwisho kwa muda mrefu.

"Nani kausahau?" alimwuliza Mgeuzi.

"Jicho-anga linapita juu kila siku na kutazama mashamba," Mgeuzi alieleza. "Muhogo uliokaa ardhini zaidi ya miezi kumi na minane bila kung'olewa hauna mwenyewe. Ni busara usiharibike."

"Naomba nikauone."

"Una mpaka saa sita. Foleni haisubiri."

Kwenye tangi zilibaki lita kumi na moja. Chilumba alishika kichwa. "Hiyo ndiyo petroli ya mwisho ya Masasi nzima, na wewe unaenda kutalii muhogo!" Lakini akapanda, akafunga mkanda.

Walifika saa tano na nusu. Shamba lilikuwa limegawanyika. Mbele mihogo ilikuwa mifupi, imeng'olewa huku na huku. Nyuma ilikuwa mirefu kupita mtu, miti yake imekomaa na kuwa ya kijivu. Mwanamke wa makamo alikuwa amekaa chini kwenye mpaka wa pande hizo mbili, jembe mapajani. Alijitaja jina, Binti Chembela, ila hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja na lile?"

Alielekeza kwa kidevu. Ng'ambo ya shamba alisimama Mng'oaji, mashine ya kung'olea mihogo, mrefu kama nyumba ya ghorofa moja, makucha yake yakiwa hewani. Hakuwa na dereva. Alikuwa akisubiri tu, na jicho lake moja la kioo lilitazama mihogo ile mirefu bila kupepesa.

"Mama, huu wa nyuma ulisahaulika?"

Binti Chembela alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama amesahau watoto wake. "Huu wa mbele tunakula. Ule wa nyuma umelala. Mama yangu aliulaza, na mimi nimeulaza. Mvua zikigoma ndiyo tunauamsha, tunauanika makopa, tunavuka mwaka. Ghalani utaingiwa na mdudu na mwizi. Ardhini hauibiwi." Akayatazama makucha yale. "Zamani."

"Si mngewaambia kwamba mmeulaza?"

"Kwa shemeji yangu limepita Jumanne, na alilisemesha mpaka sauti ikamkauka. Likamjibu vizuri sana, likampa na pole. Juzi wakapika majani matupu. Jana sikuona moshi."

Chilumba alitazama viatu vyake.

Kwenye mkono wa Somoe bangili ya simu ikatetemeka. "Zimebaki dakika ishirini," ilisema sauti ya Mgeuzi. "Unakubali, au hukubali?"

"Sikubali," Somoe alisema, akijua amelisaga gari lake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Sawa. Nikithibitisha, Kitalu 4117 kitapewa gari linalofuata kwenye foleni."

"Subiri!" Somoe alitazama makucha yale. Miaka sita ya kusikiliza injini ilikuwa imemfundisha kitu kimoja: usishike spana kabla hujajua nini kinavuta nini. "Usithibitishe. Nikikubali, nani anamwamrisha Mng'oaji?"

"Gari lako. Tangi likishuka chini ya nusu, anang'oa. Tangi la kwanza tunakujazia kutoka ghalani."

"Na lisiposhuka?"

Mgeuzi alikawia kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. "Asipoitwa hang'oi. Kitalu ni cha gari lako muda wote gari likiwepo."

Chilumba aliinua kichwa. Alikuwa ameelewa. "Somoe, usithubutu. Usithubutu kabisa! Jumamosi tuna mbio. Farasi themanini, dada! Utaliegesha liwe kabati?"

"Nitalifanya kabati."

"Na mashamba mengine? Masasi ina magari elfu tatu. Utaokoa vitalu vingapi wewe, na gari moja?"

"Kimoja."

"Basi unajiua bure."

Somoe alibonyeza kidole gumba kwenye bangili. Mgeuzi akashukuru, akasema kwamba gari la kubeba lingefika jioni kulichukua jekundu, na kwamba lingerudi limegeuzwa na limejaa. Kisha akaongeza kwa upole uleule: "Ethanoli hugeuka mvuke polepole hata gari likiwa limezimwa. Funga kifuniko vizuri."

Ng'ambo ya shamba makucha yakashuka, yakakunjwa. Mng'oaji hakuondoka. Jicho lake liliiacha mihogo, likazunguka taratibu, likatua kwenye gari jekundu.

Binti Chembela aliinuka kwa mara ya kwanza, akijishikiza kwenye jembe. "Sasa linangoja nini?"

Somoe alikuwa bado ameshika funguo. Vidole vyake vilikuwa vinazigeuza vyenyewe, kama vilivyozoea. Akavitazama mpaka vikatulia.

"Linaningoja mimi, mama," alisema. "Siku nitakayopata hamu."