Chiku na Ngoma Iliyopelekwa Jikoni

Kule Lushoto, milimani, asubuhi moja ya mvua, Chiku aliamka na furaha. Leo wazazi watakuja shuleni kusikiliza muziki wa darasa la kwanza. Na Chiku ndiye atakayepiga ngoma!

Zamani Chiku alipiga haraka haraka, pa-pa-pa-pa, kama anafukuza kuku. Mwalimu Semkiwa akamfundisha.

"Masikio kwanza, Chiku. Mikono baadaye."

Sasa Chiku anasikiliza. Ndi! Ta-ta. Ndi! Ta-ta. Wenzake wanaimba, wala hakuna anayeachwa nyuma.

Chiku aliipenda ngoma ile, jamani! Aliipenda kuliko maandazi.

Lakini leo mwalimu hakuipeleka ngoma darasani. Aliibeba kwapani, akaenda nayo jikoni.

Jikoni?

"Mh!" akasema Chiku. "Hapa pana jambo."

Akanyata, nya, nya, nya. Akachungulia mlangoni.

Mama Hidaya, mpishi wa uji, alikuwa analalamika. "Kuni zote zilizobaki zimelowa, mwalimu! Leo sijui uji nitaupikia nini."

"Pole, mama," akasema mwalimu. "Nipishe kidogo, niiweke ngoma hapa karibu na moto."

Chiku akazitazama kuni. Kuni ni mti. Akaitazama ngoma. Ngoma nayo ni mti!

"Mh! Hapa pana jambo."

Mwalimu akatoka kwenda kugonga kengele. Mama Hidaya akatoka kuchota maji.

Chiku akaingia mbio. Akaikumbatia ngoma, akaiburuta, akaificha nje, nyuma ya pipa la maji ya mvua. Ti, ti, ti, maji yalidondoka kutoka kwenye bati.

"Tulia hapa," akainong'oneza. "Hakuna atakayekuchoma."

Wazazi wakafika. Wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu.

"Ngoma iko wapi?" akauliza mwalimu. Akatafuta huku, akatafuta kule.

Chiku akamkazia macho. "Mwalimu, ukiipata utaichoma?"

"Niichome? Ngoma yetu? Hata kidogo!"

Chiku akamtazama sana. Kisha akaenda kuileta. Akaipiga.

Bwe. Bwe. Bwe.

Lo! Ngoma ilikuwa imepoteza sauti. Watoto wakashindwa kuimba. Chiku akalia, machozi chururu.

"Nimeiharibu, mwalimu!"

Mwalimu akachuchumaa karibu naye. "Haijaharibika. Ngozi ikipata unyevu hulegea. Ikipata joto hukaza. Ndiyo maana niliipeleka jikoni. Twende wote."

Wakaenda. Chiku hakuiachia ngoma hata kidogo. Wakaigeuza polepole karibu na moto.

"Gonga," akasema mwalimu. "Wewe ndiye mwenye masikio."

Bwe.

"Bado," akasema Chiku.

Bwu.

"Bado."

Du.

"Nafikiri inatosha," akasema mwalimu.

"Bado, mwalimu! Haijafika."

Mwalimu akangoja. Chiku akagonga tena.

NDI!

"Sasa!" akapiga kelele Chiku.

Wakarudi darasani. Ndi! Ta-ta. Ndi! Ta-ta. Watoto wakaimba vizuri, kila mmoja kwa zamu yake. Wazazi wakapiga makofi, na Mama Hidaya akapiga vigelegele na mwiko mkononi.

Jioni, mama yake Chiku akamfunika blanketi.

"Mwalimu wenu ni mtu mwema, eti?"

"Ni mwema, mama," akasema Chiku, macho yakifumba. "Ila asiende tena jikoni na ngoma bila mimi."

Akalala fofofo.