Maziwa ya Mtoto Siku ya Jumapili

Jumapili nyumbani kwa kina Kalolaine ilikuwa na ratiba yake, na hakuna aliyethubutu kuivuruga. Alfajiri kengele ya kanisa ililia, na baba yake, Feleti, alikuwa tayari uani akipanga mawe ya moto kwenye shimo la kupikia. Nyama iliyofungwa kwa majani ya magimbi na kumwagiwa tui ilifukiwa humo pamoja na viazi vikuu. Kisha wote walijifunga kiunoni mikeka yao ya heshima wakaenda kanisani. Wakirudi walifukua chakula, wakala wakashiba, wakalala. Jumapili visiwani Tonga hakuchezwi mpira, hakulimwi, wala maduka hayafunguliwi.

Waokaji wa mikate peke yao ndio walioruhusiwa kufungua, tena jioni tu. Mmoja wao, Uaisele, aliishi ng'ambo ya barabara, na ruhusa hiyo haikumtosha. Alitaka kufungua tangu asubuhi, na auze na vitu vingine. Feleti, aliyekuwa na duka dogo lenye wavu wa chuma dirishani, hakutaka hata kusikia. Jumatatu wangekabiliana kwenye mkutano wa kijiji, na wiki nzima watu hawakuwa na mazungumzo mengine.

Jumapili hiyo mchana, watu wote wakiwa wamelala, Kalolaine alisikia wavu wa dukani ukigongwa taratibu. Alikuwa Heilala, binti wa Uaisele, aliyesoma naye darasa moja.

"Kalo! Kalo, umelala?"

"Shii! Utamwamsha baba. Unataka nini?"

"Maziwa ya unga ya mtoto. Dada yangu amelazwa hospitali tangu jana, na kopo alilotuachia limeingia sisimizi tele. Mtoto hajatia kitu tumboni tangu asubuhi."

"Leo Jumapili, Heilala."

"Najua ni Jumapili. Kwani mtoto anajua?"

Kalolaine aliyatazama makopo yaliyopangwa rafuni. Kulifikia moja kulikuwa kazi ndogo. Lakini je, mtu akimwona akipitisha kopo dirishani? Kesho mkutanoni watu wangemcheka baba yake: anawazuia wenzake kuuza, kumbe yeye anauza kwa mlango wa nyuma!

"Ngoja nikamuulize baba," alisema.

Aliingia ndani, akasimama nyuma ya pazia. Baba yake alikuwa akikoroma. Kumwamsha aliogopa, na jibu alilolitaka alikuwa nalo tayari. Akarudi dirishani.

"Baba amekataa. Anasema mje kesho."

"Mzee Feleti kasema hivyo? Hata kwa mtoto mchanga?"

"Ndivyo alivyosema."

Heilala alimkazia macho. "Haya. Mwambie tumesikia," akasema, akaondoka.

Kalolaine alirudi kujilaza, lakini usingizi haukuja. Kutoka ng'ambo ya barabara mtoto alilia. Alijifunika shuka kichwani, bado akamsikia. Alijiambia wazazi wa Heilala ni watu wazima, watajua la kufanya. Lakini wangefanya nini, maduka yote yakiwa yamefungwa? Alitamani kilio kile kikome.

Kikakoma. Hapo ndipo aliposhikwa na hofu ya kweli. Alikaa kitako, akatega sikio, hakusikia kitu.

Alikimbilia chumbani kwa baba yake. Kwao mtoto hamgusi baba yake kichwani, kwa hiyo alipiga magoti miguuni pake akaitikisa.

"Baba! Baba, amka!"

Feleti alishtuka. "Nani kafa?"

"Sijui, Baba," alijibu Kalolaine, akaangua kilio, na katikati ya kilio akasema yote.

Feleti hakumgombeza. Heri angemgombeza. Alijifunga mkeka wake, akaingia dukani, akatoka na makopo mawili. "Njoo," alisema. Wakavuka barabara mchana kweupe, majirani wakichungulia madirishani.

Mtoto alikuwa mikononi mwa mke wa Uaisele, midomo imekauka, akinyweshwa maji yaliyochemshwa kwa kijiko. Alikuwa amechoka hata kulia.

Uaisele alisimama mlangoni. "Umekuja kunihubiria, Feleti? Au umekuja kutazama mjukuu wangu anavyokauka?"

"Sikuulizwa, Uaisele. Ningeulizwa, ningekuja mbio." Feleti alimgeukia binti yake. "Maneno uliyoyatia kinywani mwangu, yatoe mwenyewe."

Kalolaine aliyatoa. Alieleza habari ya pazia, na ya jibu alilolitunga.

"Na mimi nimeshawaambia watu kwamba baba yako hana roho!" alisema Heilala kwa uchungu. "Umenifanya nimsingizie mzee wa watu!"

Maziwa yalikorogwa, na Kalolaine hakubandua macho mpaka alipomwona mtoto akimeza. Hapo ndipo naye alipoweza kuvuta pumzi.

Uaisele alipeleka mkono mfukoni.

"Toa mkono huo," alisema Feleti. "Nimekatazwa kuuza. Kutoa sijakatazwa."

"Basi kesho mkutanoni utasema nini?"

"Nitasema yaleyale. Ufungue jioni tu."

"Na mimi nitasema yangu," alijibu Uaisele, na kwa mara ya kwanza wiki ile walicheka pamoja.

Lakini uvumi ulikuwa umeshaenea. Jioni, Uaisele alipofungua, nusu ya kijiji ilipanga foleni ya mikate, na Feleti alimtuma Kalolaine akaupite mstari wote, akimweleza kila mtu ukweli. Bibi mmoja alishika kiuno. "Yaani nimemsema baba yako chai nzima bure! Sasa maneno yangu nitayarudisha vipi, mjukuu wangu?"

Alirudi nyumbani uso umemvimba kwa machozi. Baba yake alimkalisha kando yake kizingitini.

"Nilitaka kulinda jina lako, Baba."

"Najua. Ukalilinda kwa uongo, na uongo wako ungeweza kumuua mtoto. Ukiogopa, mwanangu, niamshe. Ukikosea, niambie. Hasira yangu itapita, lakini mtoto akifa kwa njaa hatuwezi kumrudisha."

"Lakini si wewe ndiye unayesema Jumapili tufunge maduka?"

"Nasema, na kesho nitasema tena. Tunafunga ili tupate nafasi ya kuwa na watu, Kalolaine. Mtu akija na shida ukamfukuza, hiyo uliyoishika si Jumapili. Ni kufuli tu."