Maboga Yaliyong'olewa

Kila asubuhi kabla ya shule, Kasuku alimwagilia maboga nyuma ya nyumba, kopo moja kwa kila shina. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa kuwa binti huyo hakukosa jibu. Tangu baba aachishwe kazi kiwandani, bustani hiyo ndiyo iliyowalisha.

Lakini usingizi wa asubuhi una utamu wake. Kasuku akaanza kulala mpaka dakika ya mwisho. Jioni, kabla mama hajarudi kutoka kwenye cherehani yake sokoni, alimimina ndoo nzima kwenye kila shina ili kufidia.

"Umemwagilia asubuhi?"

"Ndiyo mama, kama kawaida!"

Majani yakageuka manjano. Mama akadhani mimea ina njaa, akaongeza samadi. Wapi! Yakazidi kunyauka. Ikabidi aitwe bwana shamba.

"Maji mnayapimaje?" akauliza.

"Kopo moja tu, kila asubuhi," Kasuku akajibu upesi.

Bwana shamba akageuza jani, akaguna. "Basi si maji. Nahofia ni ugonjwa wa kuambukiza. Ng'oeni yaliyougua myachome, yasije yakaponza mengine."

Mama akainama, akaanza kung'oa. Kasuku alitazama tu, mwongo mkubwa yule. Mama alipofikia shina lenye boga changa, mkono ukasita na machozi yakamtoka.

"Mama, acha! Ni mimi!" Akaeleza yote.

Bwana shamba akachimba kwa jembe. Juu udongo ulikuwa mkavu, chini tope tupu, na mizizi ilikuwa imeanza kuoza.

"Imekosa hewa," akasema kwa hasira. "Chimbeni mfereji maji yatoke, wala msimwagilie mpaka udongo ukauke. Ungesema mapema, tusingeng'oa hata moja."

Mashina machache yaliyobaki yakapona, yakatoa majani mabichi. Lakini sehemu kubwa ya bustani ilibaki wazi, na msimu ule chakula kilikuwa haba. Jioni baba alisukuma sahani yake kwa Kasuku na wadogo zake akidai ameshiba. Hakuna aliyemwamini.

"Baba, nisamehe," Kasuku akasema, akilia.

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila msamaha hauoteshi boga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Wewe uliyaficha, na sasa sote tunalala na njaa. Kula."