Vitanda vya Mapacha wa Otilia

Haya yalimpata rafiki yangu Otilia, wa Lizaboni, akiwa na mimba ya mapacha. Alipata vitanda viwili vya watoto vya mtumba, imara na vya bei nafuu. Kimoja kilikuwa na alama za meno ukingoni, mumewe Emiliani akazipiga msasa zikaisha.

Jioni umeme ulikatika, wakasikia kitu kinatafuna mbao chumbani.

“Panya huyo,” alisema Emiliani.

Asubuhi alama zilikuwa zimerudi palepale. Siku hiyohiyo, kliniki wakamwambia Otilia kwamba moyo wa mtoto mmoja haupigi tena.

“Vitoe hivi vitanda, mume wangu!” alilia.

Umeme ukakatika tena kabla hawajavigusa, na kule kutafuna kukaanza. Emiliani akamulika kwa simu. Kile kitanda kingine, kilichokuwa safi, sasa kilikuwa na alama za meno, mbichi, zimelowa mate.