Ratiba ya Miji Minne

Jumatatu asubuhi ofisi ya leseni hujaa watu mpaka mlangoni, na Jumatatu ile ilikuwa imejaa kupita kawaida. Feni ilizunguka kwa kujivuta, karani aliita namba kwa sauti ya mtu aliyeikatia kazi tamaa, na kwenye benchi la mwisho, chini ya dirisha, alikaa mwanamke aliyevaa gauni la bluu la wauguzi, limepigwa pasi likapigika. Alikuwa amepoteza leseni yake na alikuja kuomba nyingine. Pembeni yake alikaa mwanaume mrefu mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, macho yote dirishani. Kila baada ya muda mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu, ukaachia, kisha ukakandamiza tena.

Mwanamke alivumilia mara tano. Mara ya sita akasema, "Kaka, hiyo sakafu ni ya watu. Utaitoboa."

Mwanaume aligeuka, akauangalia mguu wake kana kwamba si wake, akaomba radhi. Akaeleza kwamba nje pale mwanafunzi wake alikuwa akirudisha gari nyuma kwenye mtihani, na kwamba yeye ni mwalimu wa udereva kwa miaka kumi na minne, hukaa upande wenye breki ya pili, na mguu umeshazoea.

"Na mwanafunzi akiendesha vizuri, mguu unafanya nini?"

"Unasubiri akosee."

Angelitafakari jibu lile vizuri, labda angejiepusha na mengi. Lakini jamaa alikuwa na meno mazuri na kicheko cha kutoka tumboni, na foleni ilikuwa ndefu. Mpaka namba yake ilipoitwa walikuwa wameshabadilishana namba za simu, na yule mwanafunzi nje alikuwa ameshagonga nguzo bila mwalimu wake kuona.

Tangu siku hiyo yeye akawa Mwalimu, na mwanamke akabaki Sista kama alivyoitwa na kila mtu kazini. Sista alikuwa msimamizi wa wodi yenye wauguzi thelathini na wanne, na ndiye aliyepanga zamu zao. Kwa miaka saba hakuna zamu yake hata moja iliyokosa mtu. Watoto waumwe, wakwe wafariki, mvua ikate barabara, wodi ya Sista ilikuwa na mtu. Alijivunia jambo hilo na hakulificha, na Mwalimu alimpenda zaidi kwa sababu hiyo, au ndivyo alivyosema.

Mwaka na nusu baadaye wakapata likizo pamoja, siku kumi na moja, za kwenda kutembea nje ya nchi. Walishakubaliana kwamba wakirudi wazungumzie habari ya kuoana. Mwalimu alikuwa ameshapanga safari yote kichwani: wanashuka kwenye ndege, wanakodi gari, anashika usukani, miji minne inapita dirishani.

"Treni," Sista akasema.

"Treni? Mimi?"

"Wewe na mimi."

"Sista wangu, mimi ni dereva. Kunipandisha treni ni kumwalika mpishi halafu ukampa mkate mkavu."

"Sikiliza, mpenzi. Mwaka na nusu nakaa pembeni yako kwenye gari, na unajua nimeona nini? Shavu. Nikikuambia nakupenda, unatazama kioo. Nikikusimulia mgonjwa wangu aliyefariki, unawasha taa ya kukata kona. Nimechoka kuongea na shavu. Nataka siku kumi na moja za uso mzima."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, kisha akakubali.

Sista alichukua karatasi kubwa ya mistari, ileile anayotumia wodini, akaitandaza kwenye meza ya jikoni. Siku zilishuka pembeni, saa zilikwenda juu. Mji wa kwanza ulikuwa na ziwa, wa pili ulikuwa mlimani na ngazi zisizohesabika, wa tatu ulikuwa na makumbusho ya ala za muziki, na wa nne ulikuwa wa bandari. Aliandika treni kwa wino wa bluu, malazi kwa kijani, na hapa na pale akachora viduara vyekundu. Kazi ilimchukua jioni sita. Kwa kuwa kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka, tiketi walikatia kwenye simu ya Mwalimu, yeye akibonyeza na Sista akimsomea. Mwalimu alimwita jenerali wake, akambusu kwenye paji la uso, akaipiga picha ile karatasi, na hakuuliza swali hata moja.

Ilipokamilika Sista aliibandika ukutani akasimama kuitazama. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuvuka mpaka kwa ajili ya kutembea tu. Watu walivuka kutafuta kazi, au kuzika. Yeye angevuka kwa starehe zake, na kila dakika ameipanga kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata walikwenda kula chakula cha mchana kwa mama yake Sista. Sista alivaa gauni la njano lenye mikono mifupi, na Mwalimu alivaa shati alilolinunua kwa ajili ya safari. Kaka yake Sista, mkubwa wa nyumba ile na mtani wa kudumu, hakungoja hata sahani zijae.

"Shemeji, kweli umekubali kuburutwa kwenye matreni kwa ramani ya mdogo wangu? Huyu utotoni alipotea akitoka dukani."

"Usijali, shemeji," Mwalimu akasema, akifuta mikono. "Nimeshaiweka sawa."

Sista akainua kichwa. Mwalimu akaeleza, tena kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Kutoka mji wa pili kwenda wa tatu Sista alikuwa ameweka dakika tisa za kubadilisha treni. Dakika tisa, na masanduku mkononi, stesheni wasiyoijua. Aliona wazi watakwama. Basi jana yake alifuta tiketi mbili za treni ya pili, akakodi gari la kuwachukua kutoka pale mpaka mji wa tatu. Alitaka kumshtukiza.

Kaka mtu akapiga makofi. Alisema alijua tu lazima mwanaume angeokoa jahazi.

Sista alihisi joto likipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Treni haikumuuma sana. Kilichomuuma ni makofi yale, na wepesi wa jambo lenyewe, jioni zake sita zikifutwa kwa kidole kimoja.

"Jana ulikuwa na namba yangu ya simu?" akauliza.

"Nilikuwa nayo. Nilitaka kukupunguzia wasiwasi."

"Nani alikuwa na wasiwasi?"

Mama mtu alikuwa ameweka kijiko chini.

"Mimi si mwanafunzi wako," Sista akasema, taratibu, kila neno na nafasi yake. "Umenikanyagia breki nikiwa sijakosea, halafu umekuja kujisifu nyumbani kwetu."

Alichukua mkoba, akamuaga mama yake kwa adabu zote, akatoka na mgongo wake umenyooka. Alipofika kwake alifunga mlango ndipo akalia, na alilia hasa. Alimpenda mwanaume yule, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mtu anayefuta tiketi bila kuuliza ndiye atakayeamua nyumba bila kuuliza, na shule ya watoto, na labda siku moja kazi yake. Alijiuliza kama anaweza kuolewa na mguu unaosubiri yeye akosee. Akanawa uso, akakaa mezani, akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka.

Simu za Mwalimu zilianza jioni hiyohiyo. Hakupokea. Jumatatu hakupokea, Jumanne hakupokea. Jumatano alipokea akiwa kwenye stoo ya mashuka, mlango ameuegemea.

"Kipenzi changu."

"Sema. Niko kazini."

"Nizirudishe zile tiketi?"

"Usiguse kitu."

"Sasa nifanye nini?"

"Hilo swali ungeniuliza Jumamosi."

Mwalimu akashusha pumzi. "Lakini dakika tisa, Sista. Kweli ulidhani zinatosha?"

"Unaniuliza, au unaniambia?"

Sista akamwambia safari iko palepale, yeye anakwenda, na anakwenda kwa treni. Kisha akakata simu, akahesabu mashuka, akakosea hesabu mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Jumapili ya pili Sista alikuwa kwa mama yake, na kaka yake alikuwepo, wakati mlango ulipogongwa. Alikuwa Mwalimu. Alionekana hajalala vizuri siku kadhaa, ingawa shati lilikuwa safi. Kaka mtu akaanza utani wake wa kawaida, Mwalimu akamwomba kwa heshima asubiri kidogo. Alikataa kiti. Alisema maneno aliyokuja nayo ni ya kusemwa wima.

Alhamisi, akasimulia, alikuwa akimfundisha muuguzi mmoja wa wodi ya Sista. Walipoegesha gari alimwonyesha ile picha ya ratiba, akamuuliza kiduara chekundu kando ya zile dakika tisa kina maana gani.

"Aliniangalia kwa huruma," Mwalimu akasema. "Akaniambia, 'Mwalimu, hiyo ni akiba. Sista hapangi zamu bila akiba.' Akaniambia nisome maandishi madogo ya chini. Nikasoma. Kuna treni nyingine saa moja baadaye, na tiketi ni ileile. Hata tungechelewa, tungefika mchana. Miaka yote Sista anawatunza watu kwa viduara hivyo, na mimi nilimpiga busu la paji la uso, nisiulize." Akamgeukia kaka mtu. "Nilisema mbele yenu kwamba mpango wake una kosa. Nasema mbele yenu kwamba mpango ulikuwa sahihi, na kosa ni langu."

Kaka mtu alijikuna kidevu. Mama akasogeza kiti mbele.

"Rudia, baba. Sikio langu moja zito."

Masikio ya mama yule yalikuwa yanasikia sindano ikianguka chumba cha pili. Mwalimu akarudia, kwa sauti zaidi, neno kwa neno. Sista alimsikiliza akiwa ameinua kidevu, na moyoni alifurahi mpaka akaogopa isije ikaonekana.

"Kwa nini hukuniuliza?" akasema hatimaye.

"Niliogopa. Nikiwa na usukani najijua mimi ni nani. Kwenye treni ningekuwa abiria tu."

"Kuna ubaya gani kuwa abiria wangu?"

"Hakuna," Mwalimu akasema. "Nimechelewa kujua." Kisha akaongeza kwamba gari bado limekodiwa, hakuligusa, kwa sababu aliambiwa asiguse kitu. Kama Sista alishajikatia tiketi ya peke yake, basi atambebea sanduku mpaka uwanja wa ndege, na atamsubiri hizo siku kumi na moja.

Sista akafungua mkoba, akatoa simu, akampa. Mwalimu akaisogeza karibu na macho kwa sababu ya nyufa. Treni ileile, saa ileile. Viti viwili, vinavyotazamana, dirishani.

"Umevikata lini?"

"Jumapili ileile, nilipofika nyumbani."

"Baada ya yote yale? Viwili?"

"Nilikuwa na hasira, Mwalimu. Sikuwa mjinga."

Kaka mtu akacheka peke yake, kisha akasema kwamba kuanzia leo mdogo wake ndiye atakayempangia hata safari ya sokoni. Mwalimu hakucheka. Macho yalikuwa yamemlowa, na akaona huo ndio wakati wa kusema lililobaki. Akageukia kwa mama, akashika mikono yake miwili mbele.

"Mama, nina ombi jingine. Naomba kumuoa binti yako."

"Mwanangu," mama akasema, "juzi tu uliamua mambo yake bila kumuuliza, na umeona yaliyokupata. Mwenyewe yuko hapo."

Mwalimu akageuka polepole. Akamtazama Sista usoni, moja kwa moja, na akamuuliza kama atakubali kuwa mke wake. Kisha akasubiri. Sista naye hakuwa na haraka, akamwacha asubiri, maana swali hili liliulizwa kama lilivyotakiwa kuulizwa, na alitaka kulisikia likikaa chumbani kwa muda.

"Nakubali," akasema. "Sasa futa hilo gari. Safari hii una ruhusa yangu."