Mstari wa Chini

Marehemu mume wangu alikuwa seremala, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia msasa. Kila alichotengeneza alikichorea mistari miwili ya penseli, mahali pa kufichika. Alianza na wa chini, akiniambia, "Wewe kwanza." Kisha wa juu. "Na mimi." Kitanda chetu kina mistari hiyo. Hata kiti ninachoketi nikisali.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa mguu wa piano ya mwanamke mmoja, mwalimu wa muziki, ng'ambo ya barabara. Mguu mmoja, wiki tatu. Alirudi kila jioni akipiga mluzi. Nikamuuliza kama piano ile ina miguu arobaini. Alicheka. Mimi sikucheka. Mungu anisamehe, hata msibani niliyachunguza machozi ya mwanamke yule.

Miezi minne baadaye, magharibi ikiingia, mwalimu alikuja kwangu. Alisema piano inayumba, marehemu alikosea kidogo, na hataki fundi mwingine aiguse.

Nikachukua msumeno, nikamfuata.

Chumba kilinuka gundi mbichi...

Tuliinua kona kwa jeki ya gari, nikauchomoa mguu. Gundi ya miezi minne ikavutika kama uzi. Ilikuwa na joto. Kijiti cha kuungia kilikuwa kirefu kupita tundu lake. Kosa la mwanagenzi, wala si la mume wangu.

Nikakisogeza dirishani.

Mistari mitatu.

Mmoja kila ncha, mmoja katikati. Kijiti kikaniponyoka na kubingirika chini ya piano. Mwalimu akainama, akakiokota, akanirudishia taratibu.

"Ncha ya juu ni hii, dada," alinong'ona.

Wa juu ndio wa tatu. Wa tatu ndio wa mwalimu. Sikukipima, sikukigeuza. Wivu haupimi. Nikaikata ncha ile, nikasikia raha ambayo sijaitubu vizuri mpaka leo.

Ndani ya piano iliyofungwa, sauti moja ikalia.

Ting...

Nikaurudisha mguu, ukakaa sawasawa.

Nilirudi nyumbani, nikawasha taa, nikainama kitandani. Mstari mmoja tu. Wa juu. Nikakigeuza kiti changu cha sala. Wa juu tu. Pale pa chini mbao ilikuwa nyeupe, kama iliyopigwa msasa sasa hivi.

Ndipo nikasikia piano ng'ambo ya barabara. Na mluzi.

Nilikimbia nikiwa na penseli mkononi. Nikabisha. Mwalimu akafungua, akanitazama kwa upole kabisa, kama mgeni.

"Karibu. Samahani, sijui nikuite nani?"

Nyuma yake mluzi ukakatika.

"Nani huyo?" iliuliza sauti niliyolala nayo miaka kumi na tisa.

Bado nasali. Lakini nikifika pa kujitaja mbele za Mungu, hunyamaza kwanza... nikijaribu kukumbuka.